Sikio Ndani ya Pipa la Bluu

Fundi cherehani wa mlango wa pili anasema aliliona kwa macho yake mwenyewe. Siku ile ya majaribio, anasema, gari jipya la taka liliingia getini likiwa na kinywa kimoja tu nyuma, kipana kama mlango wa stoo. Wanaume wawili wakainua pipa la kijani wakalimimina, wakainua la bluu wakalimimina humohumo. Kisha gari likaenda mpaka kwenye kona ya duka la vyuma, likasimama, likameza godoro zima la mtu. Likatafuna, springi zikasikika zikikatika moja moja. Baada ya hapo likashika njia ya shimoni, na huko shimoni, anasema fundi, hakuna cha kijani wala cha bluu, kuna moshi tu.

"Tunachezewa," aliniambia, pini tatu zikiwa kwenye pembe ya mdomo wake. "Sisi huku tunahangaika kutenga maganda na makaratasi, wao wanakwenda kuvichanganya hapo konani. Bora wangesema mapema."

Fundi cherehani ni jirani mwema, na mapazia yetu yote kayashona yeye. Lakini cherehani yake imeelekea ukutani, na kutoka mlangoni kwake kona ya duka la vyuma haionekani, labda mtu awe na shingo ya twiga. Nilimuuliza alikuwa amesimama wapi alipoyaona hayo.

"Mdogo wangu," akasema, "kuona si lazima uwe umekaa dirishani."

Nikaacha. Na neno lake lile ningelisahau kabisa kama si yaliyotupata Jumanne ya kwanza.

Nyumba zetu ni arobaini na mbili, zimeuzunguka uwanja mmoja, na geti ni moja. Miaka kumi na tisa taka zetu zilichukuliwa na Mzee Kengele. Alikuwa na mkokoteni wa magurudumu mawili na kengele ya mkono kama ya shuleni. Akiipiga, kila nyumba inatoa mfuko wake, kila kitu humo kwa humo: maganda, maboksi, chupa, majivu. Mzee Kengele alikuwa na utaratibu wake. Hakuondoka na mfuko kabla ya kuufungua pale nje ya geti na kuuchokora kwa kijiti. Akikuta kitu ambacho aliona hakikukusudiwa kutupwa, anakiosha bombani na kukitundika kwenye msumari uliopigiliwa kwenye nguzo ya geti. Vijiko alivifunga uzi. Funguo, kitambulisho, kiatu kimoja cha mtoto mchanga. Mara moja pete ya mke wa mwenyekiti wetu ilining'inia pale tangu asubuhi hadi jioni, watu wanapita, hakuna aliyeigusa.

Msumari ule ulitulemaza. Mtu akipoteza kitu nyumbani hakupindua godoro wala hakusogeza kabati. Alisema tu, ngoja Kengele apite.

Halafu mzee akaanza kuumwa magoti. Wiki ambayo hakuweza kuja, mifuko ililala getini na panya wakapata makazi. Mwenyekiti akaitisha kikao, akatutangazia kwamba kuna kampuni yenye gari, italeta mapipa mawili kwa kila nyumba, na itakuja Jumanne na Ijumaa. Wengine walinung'unika kwa ajili ya mzee. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele, mguu ameunyoosha. Akaombwa aseme neno.

"Mimi mniache," akasema. "Magoti yangu yalishapiga kura mwaka juzi."

Watu walicheka mpaka mnung'uniko ukakosa pa kushika. Ukiangalia uso wake siku ile, hakuna aliyekuwa na nafuu kama yeye.

Mapipa yakaja na karatasi yenye picha na maelezo. Pipa la kijani ni la taka za jikoni, la bluu ni la vitu vikavu: karatasi, makopo, plastiki. Mimi kwa kweli niliipenda ile karatasi. Nimeishia shule ya msingi, na mtu wa aina yangu hapewi mara nyingi maelezo ya maandishi akaaminiwa kuyafuata. Niliibandika juu ya sinki. Mfuniko wa mtindi niliuosha kabla ya kuutupa. Fundi cherehani alikuja kuazima chumvi akaniona, akauliza kama huo mfuniko unakwenda harusini.

Sasa nieleze habari za sikio.

Baba yangu, ambaye majirani humwita seremala, alifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha kupasua mbao, kwenye msumeno mkubwa, kabla ya mtu yeyote kumwambia kwamba masikio nayo yanachakaa. Mama alifariki mwaka niliomaliza shule, na usikivu wa baba, uliokuwa umeshaanza kupungua, ukaendelea kufifia kidogo kidogo kama taa inayoishiwa mafuta. Ikafika miaka minne ya ukimya mtupu. Unamwomba akupitishie chumvi, anakujibu habari za paa linalovuja. Tukawa tunakula tukiwa wawili, kila mmoja peke yake. Miaka miwili kati ya hiyo tulikuwa kwenye foleni ya hospitali, na mwaka jana ndipo tukapewa kifaa, kidogo kama punje ya haragwe, cha sikio la kushoto. La kulia lilishakuwa ubao, hivyo ndivyo anavyosema mwenyewe. Daktari akatuambia tukitunze, kwa sababu foleni ya cha pili ni ndefu kuliko ile tuliyotoka.

Siku alipokivaa mara ya kwanza nilikohoa. Akageuka. "Una kikohozi hicho tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi, baba," nikamwambia, nikatoka nje kidogo nisimame ukutani.

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu kukawa na mazungumzo. Baba aliuliza bei ya nyanya. Alibishana na redio. Kifaa chenyewe hatukukiita kifaa, tulikiita sikio. Sikio liko wapi, sikio limelia, lete sikio nilisikie jambo hili vizuri.

Sikio lilikuwa na ila moja. Baba hawezi kula akiwa nalo. Ukoko wa mkate ukivunjika mdomoni anasikia msumeno kichwani. Kwa hiyo kila akiketi kula analitoa. Kulizima hawezi, swichi yake ni ndogo kwa vidole vya seremala. Analifunga kwenye karatasi ya kalenda, ile kalenda ya kuchana kila siku. Asubuhi anachana tarehe ya jana, na hiyo tarehe ya jana ndiyo blanketi la sikio siku nzima. Likiwa limefungwa hivyo linapiga mluzi mwembamba sana, na katika nyumba yote asiyeusikia ni mwenyewe tu.

Enzi za Mzee Kengele sikio lilitupwa pamoja na makombo mara tatu. Mara zote tatu, kabla ya adhuhuri, lilikuwa msumarini ndani ya kifuko safi.

Jumanne hiyo tulikunywa chai mapema kwa sababu ilikuwa siku ya kwanza ya gari. Baba akamaliza, akatoka uwanjani kuangalia watu walivyopanga mapipa, kwa kuwa hapendi kupitwa. Mimi nikaondoa vyombo. Makombo na majani ya chai nikayatia kwenye la kijani. Mezani palikuwa na karatasi imekunjwa. Kijiko changu kilikuwa kinagonga kikombe, bomba linatiririka, kichwa changu kiko kwenye yale maelezo ya juu ya sinki. Karatasi, bluu. Nikaitia, na nikajisifu moyoni.

Saa mbili gari likaja. Nilisimama mlangoni kama wengine. Kweli kinywa kilikuwa kimoja.

Saa nne baba akajigusa sikioni. "Sikio langu umeliona?" akauliza kwa sauti ile kubwa ya mtu asiyejisikia.

Nikaangalia meza. Nikaangalia kalenda, ikisema kumi na nne. Nikajua tarehe kumi na tatu ilikokwenda.

Nilimwonyesha kwa mikono: mezani, pipani, gari, limeondoka. Akatikisa kichwa, hana wasiwasi hata chembe. "Nimeliacha ovyo mwenyewe. Litarudi." Akachukua kigoda chake, akaenda kuketi chini ya msumari.

Nilimfuata nikamwandikia kwenye kiganja kwamba Kengele ameacha kazi. "Najua," akasema. "Lakini wachukua taka ni wachukua taka. Hawawezi kukosa mahali pa kutundika."

Naona haya kuliandika hili, ila nami nilileta kigoda. Tuliketi pale mpaka saa sita, mtu na baba yake, tukiangalia msumari mtupu. Jirani mmoja akapita akauliza tumepoteza nini.

"Sikio," nikasema.

"Ah. Litakuja," akajibu, akaenda zake.

Akapita mwenyekiti, yeye mwenyewe aliyeweka saini na kampuni. Akauliza, nikamjibu. "Poleni, litakuja," akasema, akapiga hatua tano. Akasimama. Akarudi.

"Hapana," akasema polepole. "Atalileta nani?"

Miaka kumi na tisa si kitu cha kuvua kama koti.

Mwenyekiti akapiga simu kwenye kampuni. Msichana mwenye sauti nzuri akamwambia malalamiko yanaandikwa na kushughulikiwa ndani ya siku saba. Betri ya sikio hukaa siku tano, na daktari alisema likiachwa linalia namna ile betri inakwisha kabla ya siku mbili. Ikiisha, lile ni jiwe dogo tu ndani ya mlima wa makaratasi.

Fundi cherehani alitoka na futi yake shingoni. Aliposikia, alinishika bega, na kwa mara ya kwanza sikuona dalili ya kufurahi kwamba alisema. "Mdogo wangu, nilikwambia. Kinywa ni kimoja. Saa hizi liko shimoni na maganda ya watu."

Nilianza kumwombea fundi wa watu awe mwongo. Kwa sababu kama kampuni inatenga kama ilivyoahidi, sikio limelala kwenye karatasi. Kama inachanganya, limekwisha.

Mchana tulikula maharage na wali. Baba alikula taratibu, hana cha kufunga kwenye karatasi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unakwenda kwenye mfuko wa shati na kurudi. "Kosa langu," akasema. "Mtu mzima anafunga kitu cha hospitali kwenye kalenda."

"Ni mimi niliyelitupa, baba," nikasema. "Wewe huna kosa. Nililitia pipani kwa mkono wangu."

Akaniangalia mdomo. Akatabasamu kidogo, kama zamani, tabasamu la mtu ambaye hajasikia na hataki kusumbua.

Basi, sijui ni nini, nikaendelea. Labda ni lile zoea la miaka minne, kuongea na baba kama unavyoongea na ukuta, maana ukuta hauumii. Nilimwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Kwamba mwaka ule aliofariki mama, barua ya kuchaguliwa kwenda sekondari ilikuja. Kwamba niliisoma nikiwa nimesimama getini, nikaona nikienda shule ya bweni hakuna wa kumwambia baba kwamba chungu kinaungua, wala kwamba mtu anabisha hodi. Niliikunja. Nilimwambia sikuchaguliwa. Yeye alininunulia viatu vipya siku ile, kunifariji. Nilisema yote hayo nikichota maharage, bila kulia, kama mtu anayetoa vitu kabatini kuona kama bado vipo. Kisha nikamwongeza wali.

Baba alikuwa ameacha kula. Alikuwa anaangalia midomo yangu kama anavyoangalia ubao kabla ya kuukata.

Jioni nilikwenda kwa Mzee Kengele, chumba chake kiko nyuma tu ya ukuta wetu. Nilimkuta ameweka miguu yote miwili kwenye beseni la maji ya moto, ana furaha ya waziwazi.

"Karibu, binti seremala. Usinihurumie, kaa."

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja. "Lilikuwa limefungwa? Linalia?"

"Linalia."

"Basi usilitafute kwa macho. Unadhani mimi zile mara tatu nililiona? Mfuko wenu ulikuwa unapiga mluzi kama panya mwenye mapenzi. Nilisimama tu nikasikiliza." Akasogeza kidole cha mguu ndani ya maji. "Wana banda lao nyuma ya kiwanda cha zamani cha matofali. Walinipeleka kuniuliza kama nataka kazi, nikawauliza kama kuna viti. Nenda asubuhi. Wana mashine inayonguruma. Waambie wanyamaze."

"Watakubali?"

"Wewe waombe. Una sura ya mtu ambaye haombi ovyo."

Nilimuuliza kama ni kweli wanachanganya. Akasema siku ile hakuingia mpaka ndani, magoti yalikataa.

Jumatano nilitoka alfajiri, nikatembea karibu saa nzima. Banda lilikuwa refu, la bati, milango yake wazi. Gari lilikuwa linaingia kwa kinyumenyume, nami nikasimama kando kuliangalia kwa makini kuliko nilivyowahi kuangalia gari lolote. Kinywa kikafunguka. Kilikuwa kimoja, fundi hakudanganya. Lakini ndani, katikati, kulikuwa na ukuta wa chuma kutoka juu mpaka chini. Upande wa kulia taka za jikoni zimeshindiliwa. Upande wa kushoto makaratasi na makopo yamelegea kama yalivyotoka majumbani; hayajaguswa. Wakafungua kushoto tu, vikavu vikamwagika sakafuni, kisha gari likaenda nyuma na ule mzigo mwingine.

Niliegemea nguzo.

"Na godoro?" nikamuuliza dereva alipokuwa anapita. Sikuweza kujizuia.

"Godoro gani? La pale konani? Tulilikataa. Mwenye nalo akaliburuta kurudi kwake akitutukana njia nzima."

Msimamizi wa banda alikuwa mama mnene mwenye penseli ndani ya kilemba. Watu kama thelathini, wengi wao wanawake, walikuwa wamesimama pande mbili za mkanda unaosogea, glavu mikononi, wanachambua: chupa huku, makopo kule, karatasi nyeupe kwenye gunia lake. Mashine inanguruma, feni inapiga, redio inaimba juu ya vyote.

"Sikio?" akauliza msimamizi, mkono nyuma ya sikio lake.

Nikamweleza kwa kupaza sauti. Akanyoosha kidole kwenye rundo lililokuwa pembeni, limefika kiunoni na upana wake kama chumba. "Mzigo wa jana wa mitaa yenu mitatu ule pale, haujapanda mkandani. Zamu yake ni baada ya chai. Tafuta."

"Nikitafuta kwa mikono nitamaliza wiki, mama. Naomba mashine izimwe. Dakika chache tu. Linapiga mluzi."

"Binti, mkanda huu ukizimwa bosi anapiga simu." Akaangalia saa. "Unazimwa saa nne na robo, ya chai. Kaa hapo."

Nikakaa. Ubavuni pangu palikuwa na ndoo, na ndani yake funguo, vijiko, miwani, kitambulisho cha mtu anayecheka. Nilimuuliza mama aliyekuwa karibu ni vya nani.

"Vya wenyewe," akasema. "Tunaviweka. Hakuna anayekuja kuuliza."

Saa nne na robo mkanda ukasimama. Niliposhukuru tu, banda zima likaanza kuongea kwa mpigo, thelathini kwa pamoja, vikombe vinagongana, mtu anasimulia habari za mkwe wake. Kelele ilikuwa kubwa kuliko ya mashine.

Nikasimama. Sijawahi kusema mbele ya watu wengi. "Wazazi wangu, samahani. Naomba mnywe chai kimya."

"Kimya?" akasema mmoja. "Chai na kimya? Hapo umeomba kubwa, mwanangu."

"Mpunguzie, mwambie kazi tu tutafanya kimya," akadakia mwingine, wakacheka.

Msimamizi akachomoa penseli kilembani, akagonga ndoo mara mbili. "Sikio la baba yake liko humo. Hasikii bila hilo. Nani hapa hana mzazi?"

Kicheko kikakatika. Mtu akazima redio. Mwingine akavuta waya wa feni. Niliwaona wakishusha vikombe mezani kwa uangalifu wa watu wanaolaza mtoto.

Nilivua viatu, nikalizunguka rundo. Nilisikia bati likipanuka kwa joto la jua. Tumbo la mtu likanguruma, na aliyekuwa karibu naye akauma kitambaa asicheke. Nilisikia tone la maji. Mluzi hakuna. Nikazunguka mara ya pili, nimeinama, na moyo wangu mwenyewe ukawa unanisumbua kwa kelele zake. Nikajiambia betri imekwisha, imekwisha.

"Huku," akanong'ona mama mmoja mzee, kikombe bado mkononi. Hakusogea, alielekeza kwa kidevu. "Kuna mbu huku."

Nikaenda upande wake. Nikapiga magoti. Alikuwa mbu kweli kwa wembamba wake, anakuja na kupotea. Nikatoa boksi la viatu, nikatoa gazeti, mluzi ukaongezeka. Nikaingiza mkono mpaka begani. Vidole vyangu vikapita kwenye kopo, kwenye bahasha, halafu karatasi ndogo, ngumu kwenye mikunjo, yenye kitu ndani. Niliivuta. Kumi na tatu, kwa wino mweusi, na sikio ndani yake linalia.

Hakuna aliyepiga kelele. Walikuwa wamezoea kunyamaza kwa dakika zile, wakabaki hivyo, wananiangalia. Kisha yule mama mzee akanywa funda lake la chai na kusema, "Haya, sasa tuendelee na mkwe," na banda likarudi kwenye kelele zake.

Msimamizi alinisindikiza mpaka mlangoni. Nilimwambia habari za msumari wetu. Akanipa ile ndoo niichukue mpaka kwa mwenyekiti, na Ijumaa mfuko mwingine ungekuja na gari, kama kutakuwa na vitu. Mwenyekiti baadaye alisema suala hilo litapelekwa kikaoni. Lakini alikuwa ameshaona humo ndani ufunguo wa stoo yake, uliopotea siku ya majaribio, na jioni hiyohiyo nilimwona akipigilia msumari wa pili.

Fundi cherehani alinisikiliza hadi mwisho bila kukanyaga pedali. "Ukuta wa chuma," akasema. "Sawa. Lakini kinywa ni kimoja."

"Ni kimoja, dada."

"Basi," akasema, akaridhika, akaendelea kushona.

Baba alikuwa ameketi mezani niliporudi. Nilifungua karatasi mbele yake. Alilifuta kwa shati, akalivaa. Likapiga mluzi mara moja, likatulia. Alikaa ameinamisha kichwa kidogo. Akasikia bomba. Akasikia cherehani ikipita ukutani.

"Huyu naye hapumziki," akasema. Nikacheka, akanisikia nikicheka, akacheka pia.

Nilitenga chakula. Mkate ulikuwa wa jana, mkavu, na mchuzi uliobaki. Nikamwekea karatasi ya kumi na nne karibu na sahani, kama kawaida. Hakuigusa. Alivunja ukoko, akautia mdomoni sikio likiwa mahali pake, na niliona uso wake ukijikunja msumeno ulipopita.

"Litoe, baba. Utaumia."

"Jana mchana," akasema, "ulikuwa unachota maharage, ukasema maneno mengi. Niliona neno shule. Niliona neno mama." Akatafuna polepole, anaumia, ananiangalia. "Yarudie."

Nikakusanya makombo kwa upande wa kiganja, moja moja. Baba akamega kipande kingine.